Wanaume Wasioyumba wa Nyumba ya Gaspard

Martine Kabasomi Abwoli, binti ya muzee aliyevusha ng'ombe mia mbili mto Semliki bila kupoteza hata ndama, mujukuu wa yule mwanamuke wa Boga aliyenyonyesha yatima watatu pamoja na mutoto wake mwenyewe. Ndiye aliyetembea kwa miguu siku tano, kutoka Boga mpaka Bunia, mwaka ule wa vita, mashini ya kushona kichwani na mujukuu wake Blanchard mugongoni. Ndiye aliyeshona sare za nusu ya wanafunzi wa mutaa wa Ngezi. Ndiye aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma bila kusaidiwa na mwanaume, kwa sababu wanaume wa kumusaidia alikuwa amekwisha kuwazika. Na katika siku zake zote, miaka sabini na ine, hakuwa ameonja pombe hata tone.

Abwoli ni jina la heshima. Kwao Boga kila mutoto anapewa moja, na wale wanaokujua wanakusalimia nalo. Hata mulevi wa njiani akimuita Martine kwa jina lile, anajifunga kifungo cha shati kwanza.

Walevi aliwajua vizuri. Alikuwa ameolewa katika nyumba yao.

Bwana yake, Paul, alikuwa mutoto wa Gaspard, na nyumba ya Gaspard ilikuwa na desturi yake. Haikuwa desturi ya Boga yote. Ilikuwa yao peke yao, na walijivuna nayo. Siku ya kutoa mali, ndiyo mahari, ya binti yao, bakwe, jamaa ya bwana harusi, wanajaza kibuyu kikubwa kasikisi, pombe ya ndizi, na ndani yake wanamwaga lutuku, ile pombe kali ya kupika. Mutu mumoja wa nyumba anakaa kwenye kiti kifupi mbele ya wazee wote. Kila ng'ombe ya mali ikitajwa, anapiga funda kubwa. Wanamuita mudomo wa nyumba. Akifika ng'ombe ya kumi bila kuyumba, bakwe wanaongeza mbuzi. Akiyumba, ao ulimi ukimuteleza, bakwe wanaondoa mbuzi moja, na watu wanacheka mpaka mwaka unaofuata.

Nyumba ya Gaspard haikupoteza mbuzi hata siku moja. Watu walikuwa wanasema: wale wanaume hawayumbi.

Hawakuyumba, kweli. Walikufa tu.

Gaspard mwenyewe alikufa macho yakiwa ya manjano kama embe. Michel, mutoto wake wa kwanza, mudomo wa nyumba miaka kumi na moja, alipatikana ndani ya mufereji nyuma ya soko. Paul, bwana ya Martine, alitapika damu kwenye shuka jipya ambalo Martine mwenyewe alikuwa ameshona. Na Claude, mutoto wao, baba ya Blanchard na Plamedie, alikufa na miaka makumi ine na tano, tumbo limejaa maji, miguu imekauka kama vijiti.

Wanaume wane. Na kila mara Martine alipouliza ni kwa nini, walimupa jibu la kumuchosha roho. Muganga wa kwanza alisema ni jirani aliyeroga. Wa pili akasema ni jina la Gaspard linalofuata watoto, basi wakaacha kuita watoto Gaspard, na watoto wakaendelea kunywa na majina mapya. Muhubiri mumoja akafunga siku tatu juu ya Claude, akamukataza shetani ya pombe kwa sauti kubwa mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Siku ya ine Claude alitoka nje, akarudi na chupa ndani ya koti.

"Na shetani iko wapi sasa?" Martine alimuuliza muhubiri.

"Mama, alirudi na wenzake saba."

"Basi ungemuacha ule mumoja."

* * *

Mwaka huu ikawa zamu ya Plamedie kuolewa. Kijana mwalimu, anaitwa Stéphane, alimuomba, na jamaa yake wakapanga kuleta mali siku ya posho, Jumamosi. Juma moja kabla ya siku hiyo, baada ya ibada, Jean-Pierre akaingia katika parseli, kiwanja cha nyumba ya Martine, akavuta kiti bila kuambiwa. Huyu ni mudogo wa Paul, muzee wa miaka sabini, mubaki wa watoto wa Gaspard na kwa hiyo mukubwa wa nyumba. Alikuja amevaa koti lake la kwenda kusema mambo.

"Shemeki Abwoli, tulikaa na batu ya nyumba. Siku ya posho, kibuyu itashikwa na Blanchard."

Martine alikuwa anachambua maharagi. Mukono ukasimama.

"Na nani?"

"Blanchard. Ule kijana iko na kichwa ya baba yake. Mwezi ule alikunywa kwa kilio kule chini, kutoka mangaribi mupaka kuku zinawika, akapanda pikipiki yake kama mutu alikunywa maji. Nilimuona na macho yangu. Ule hatatuaibisha."

Neno lile la mwisho lilimuingia Martine kama sindano ya mashini inapopita kwenye kidole. Alilijua. Lilikuwa lake. Miaka makumi tatu nyuma, siku walipotafuta mutu wa kufuata Paul, wazee walikuwa wanasitasita, na ni yeye Martine, mama wa kijana, aliyesema kutoka mulango wa jikoni: "Mumuweke Claude. Ule hatatuaibisha." Alisema akijivuna. Claude alikuwa na miaka makumi mbili na tatu. Blanchard sasa ana makumi mbili na tatu.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hapana Blanchard."

"Sasa nani? Mimi?" Jean-Pierre akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. Kila mutu alijua habari yake. Kikombe cha kwanza Jean-Pierre anaimba, kikombe cha pili analala. Katika ujana wake walimujaribu mara moja kwenye kibuyu, akalala kwenye ng'ombe ya pili, na Gaspard akamufukuza kwenye kiti mbele ya watu. Tangu siku ile alijifunza kuchagua watu wenye nguvu.

"Fanya vile unapenda," Martine akasema. "Lakini Blanchard, hapana."

"Shemeki, hii si mambo ya kushona."

Akaenda. Martine akatupa maharagi mazuri pamoja na mabovu, akalazimika kuyaokota tena moja moja, na hilo likamuzidishia hasira.

* * *

Siku ya pili ya juma ilikuwa siku yake ya kupimisha tansion, presha ya damu, kwenye kituo cha afya. Blanchard alimupeleka kwa moto, ile pikipiki yake, kwa sababu kazi yake ni hiyo: yeye ni motari, anabeba watu mujini mzima. Ni kijana muzuri, mwenye mucheko, hasahau kumununulia koko yake, mama ya baba yake, sabuni. Ndilo lilimuuma zaidi. Claude pia hakusahau sabuni.

Muuguzi wa pale ni Solange, mwanamuke mwembamba asiyependa kelele. Akapima mukono wa Martine, akaangalia namba, akaangalia uso wake.

"Mama Abwoli, leo damu iko juu sana. Nani alikukasirisha?"

"Batu bote. Niandikie dawa ya batu bote."

Kisha akamuelezea: kibuyu, wanaume wane, siku ya posho. Solange akasikiliza mpaka mwisho, akaita Blanchard aingie.

"Kaka, nikuulize. Unakunywa chupa ngapi kubwa mbele ya kusikia kichwa inazunguka?"

Blanchard akatabasamu. Lilikuwa swali ambalo alipenda. "Mi? Sita sijasikia kitu. Saba, nane, pengine kidogo."

"Na wenzako?"

"Ah, bale! Tatu, ine, banaanza kulia juu ya wake zabo."

Alingojea asifiwe. Solange akaweka kalamu chini.

"Ile ndiyo inaniogopesha."

"Kuogopa nini? Mi silewi, Ma Solange. Balevi ni bale banaanguka."

"Sikiliza. Na weye pia, mama." Akagusa paji la uso wake. "Ndani ya bongo iko mahali ya furaha. Ukikula nyama wakati wa njaa, ukibeba mutoto yako, pale kunatoka kama maji kidogo, dawa ya mwili yenyewe. Inakuambia: hii ni muzuri, rudia tena. Sasa pombe inalazimisha ile maji itoke. Kwa bengine inatoka kidogo. Kwa bengine inatoka kama bomba imepasuka. Na bongo haiko mujinga. Ikiona mafuriko kila siku, inafunga milango. Basi kesho mutu anakunywa zaidi, ili asikie ile ya jana. Mwisho hasikii tena kitu, anakunywa tu ili mikono isitetemeke."

"Claude," Martine akasema polepole. "Asubui hakuweza kufunga kamba ya kiatu mbele ya kunywa."

"Ndiyo ile."

"Na kuyumba?" Martine akauliza. "Hawa hawakuyumba hata mumoja."

"Kuyumba ni kengele, mama. Mwili inasema: simama, imetosha. Kuko batu benye kuzaliwa na kengele inalia mapema. Vikombe mbili, banalala. Kuko bengine, kengele yabo inachelewa kulia. Banapita mbele, banapita mbele, hakuna kitu inabasimamisha. Hao ndio batu banasifu. Hao ndio tunabapokea hapa na matumbo ya maji. Na ile kengele ya kuchelewa, mara mingi mutoto anaipata kwa wazazi, sawa vile anapata urefu, ao pua."

Blanchard hakucheka tena. "Kwa hiyo mi niko mugonjwa?"

"Hapana. Hakuna mutu anazaliwa mulevi. Karibu nusu ya hatari inatoka mu damu. Nusu ingine ni maisha: barafiki, huzuni, vita, na ule anayekuwekea pombe mu mukono na kukupigia makofi. Lakini weye unatembea karibu na shimo kuliko wenzako. Ningekuwa weye, singeonja hata moja."

Martine aliangalia ukuta. Ule anayekuwekea pombe mukononi na kukupigia makofi. Alisikia mulango wa jikoni wa zamani na sauti yake mwenyewe. Miaka yote alikuwa amewakasirikia waganga, wahubiri na majirani. Na nyumba nzima, pamoja naye, walikuwa wanachagua kila mara kijana mwenye kengele mbovu, wanamukalisha kwenye kiti, wanamupigia makofi! Mutu akitaka kuua ukoo kwa mupango, angefanya namna gani kuliko hiyo?

* * *

Kurudi nyumbani, Blanchard aliendesha polepole mpaka walipofika kwenye barabara ya Ngezi. Kisha akasimamisha moto.

"Koko, nitakunywa ile siku moja tu. Kwa Plamedie. Kisha naacha."

"Baba yako alisema ile ile."

"Mi si baba."

"Uko na pua yake, uko na mucheko yake, uko na chupa sita yake. Nini ya baba yako hauna?"

"Koko, barafiki bote ba parkingi ya moto banakuja! Banisikie nakataa kibuyu? Batasema Blanchard anatawaliwa na kitenge!"

"Kitenge ndiyo ilikubeba kutoka Boga, mujinga weye!" Wanawake wawili waliokuwa wanauza nyanya wakageuka. Martine akashuka, akamalizia njia kwa miguu, mukoba chini ya kwapa, akisema peke yake kwa sauti.

Siku zilizobaki alijaribu kila mulango. Alimuendea Jean-Pierre, akamuelezea kengele. Jean-Pierre akasema mambo ya bongo ni ya wazungu. Alimuambia Plamedie, na Plamedie akalia, akasema anaogopa bakwe watahesabu nyumba yao kuwa ya watu zaifu. Akaambia wazee wawili wengine. Mumoja akauliza kama Solange ameolewa. Usiku wa kwenda siku ya posho Martine alipiga pasi kitenge chake cha bulu na hakumuambia mutu kitu.

* * *

Bakwe walifika saa ine asubui, na nyimbo, na kasikisi katika bidoni, madumu ya manjano. Musemaji wao alikuwa muzee Vahwere, mujomba wa Stéphane, mutu wa biashara mwenye sauti ya kuuzia duka zima. Parseli ilijaa. Motari wa parkingi walijipanga kwenye ukuta, wanapiga miluzi. Blanchard alikuwa amevaa shati jeupe. Alikuwa anakunywa sukre, soda ya machungwa, kwa chupa, macho chini, na Martine hakuweza kujua kama hiyo sukre ndiyo yote atakunywa siku ile, ao ni mwanzo tu.

Kibuyu kikajazwa. Kiti kifupi kikawekwa. Jean-Pierre akasimama katika koti lake.

"Bakwe, karibuni. Nyumba ya Gaspard inawapa mudomo yake. Mutoto wetu Bla..."

Martine alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti.

Alikaa magoti pamoja, kitenge kimenyooka, na akanyoosha mikono kwa kibuyu.

"Shemeki," Jean-Pierre akanong'ona, "unafanya nini?"

"Nafanya kazi ya nyumba."

"Ondoka pale! Ni kiti ya mwanaume!"

"Nani alisema? Gaspard alisema mutu wa nyumba. Nilikuwa nasimama pale, nilikuwa nimebeba sahani. Unitajie siku alisema mwanaume."

Jean-Pierre akageukia wazee. Hakuna mutu aliyeweza kutaja siku ile, kwa sababu hakuna mutu aliyekumbuka kama Martine.

Vahwere alicheka mpaka akashika mbavu. "Muache mama! Siye tunapenda. Ng'ombe ya kwanza, ng'ombe ya Stéphane, nyekundu, pembe ndefu!"

Martine akapiga funda. Uso ukajikunja wote, machozi yakamutoka. Miaka sabini na ine, na hiki ndicho kilichokula watu wake? Kitu kibaya hivi?

"Ya pili! Nyeusi, iko na mimba!"

Akapiga funda. Masikio yakawa ya moto. Kitu laini kikamupanda mugongoni, kama mukono wa mutu mwema, na kwa punde akafahamu Paul kuliko alivyomufahamu katika miaka makumi mbili na tano ya ndoa.

"Ya tatu! Nyeupe na madoa!"

Kufikia hapo kiti kilikuwa kimeanza kutembea. Kitambaa cha kichwa kikamuteleza kwenye jicho. Akataka kukirudisha, mukono ukakosa kichwa, na Martine Kabasomi Abwoli, binti ya muzee wa ng'ombe mia mbili, akayumba kuume, akayumba kushoto, akashikwa na Plamedie kabla ya kuanguka.

"Mbuzi!" Vahwere akaruka. "Mbuzi moja chini! Nyumba ya Gaspard imeyumba!"

Kicheko kikapanda mpaka barabarani. Motari wakapiga honi. Plamedie alificha uso. Jean-Pierre alikuwa kama mutu anayetafuta shimo la kuingia. Na Martine, ambaye hajawahi kuchekwa na mutu tangu ubatizo wake, alikaa katikati ya kicheko kile na kitambaa kwenye jicho, akangojea kiishe. Kilikuwa kirefu.

"Mumemaliza?" akasema. Ulimi ulikuwa muzito. "Sasa muangalie. Hii ndio kichwa muzuri. Tatu tu, kengele inalia. Mi nitakufa na uzee. Gaspard hakuyumba, iko wapi? Michel hakuyumba, iko wapi? Paul? Claude wangu, iko wapi?" Akageuka na mwili muzima, kwa sababu shingo peke yake haikutaka. "Jean-Pierre. Mutoto wa Gaspard. Kwa nini weye uko muzima?"

"Abwoli, usiniaibishe mbele ya bakwe."

"Kwa nini uko muzima?"

Muzee aliangalia viatu vyake. "Kwa sababu," akasema mwishoni, "mi ninalala."

Watu wakaanza kucheka, kisha mumoja mumoja wakaacha. Vahwere mwenyewe aliondoa kofia, akaigeuza mukononi. Pengine kwao pia kulikuwa na wale wasioyumba. Akasema kwamba ng'ombe saba waliobaki wanaweza kutajwa na midomo mikavu.

Kwenye ukuta, motari mumoja akamusukuma Blanchard na kiwiko. "Kaka, ende umalizie koko yako!" Kibuyu kilikuwa chini, nusu kimejaa, karibu na mguu wa Martine. Blanchard alikiangalia muda murefu. Kisha akamuendea koko yake, akamurudishia kitambaa kichwani, akamufunga vibaya.

* * *

Kesho yake, siku ya Mungu, Martine hakwenda ibada. Kichwa kilikuwa kinapiga kama wanatwanga mihogo ndani yake. Blanchard akamuletea chai, na Martine akamuambia aketi, na asiburuze kiti.

"Jana usiku ulikunywa?"

"Sukre."

"Na leo?"

"Leo haijaisha, Koko."

Ilikuwa jibu la kuudhi, lakini lilikuwa la kweli, na Martine alikuwa amechoka na wanaume wanaoahidi. Akakunywa chai kidogo.

"Kule Boga kuko watoto wane wa Michel mudogo, wajukuu wa ule wa mufereji. Mukubwa iko na miaka kumi na sita. Dada yabo anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Wamekwisha kuanza kumupima yule kijana, chupa ngapi, chupa ngapi. Utaenda kule."

"Mi? Koko, si weye unajua kusema?"

"Mi ni kizee, watasikia kizee? Weye uko na moto, uko na chupa sita yako, watakusikia. Utawaelezea kengele vile Solange alisema. Utataja wale wanaume wane waliokufa, wote kwa majina. Usiruke hata mumoja."

"Sawa."

"Haijaisha." Akaweka kikombe chini. Ilimuchukua muda. "Ukifika kwa jina ya baba yako, utasema ni nani alimukalisha kwenye kiti. Utasema ni Abwoli. Alisimama kwenye mulango wa jikoni, akasema: mumuweke Claude, ule hatatuaibisha. Useme vile, neno kwa neno."

Blanchard aliangalia mikono ya koko yake. Hakuwahi kusikia jambo hilo.

"Koko, ile si lazima niseme."

"Ile ndiyo ya kwanza. Bila ile watazani ni shetani."

Akasimama, akashika ufunguo wa moto. Martine akamufuata mpaka mulangoni, mukono kwenye ukuta, kwa sababu dunia haikuwa bado imetulia.

"Na usipite kwa parkingi!" akapiga kelele, na kichwa kikamuuma zaidi.